Kotama ya Gona na Kifundo Kinachokwama

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako. Kotama yangu ya kugemea imepotea tangu Jumapili alfajiri, na mwizi namjua, ni mke wangu Nyevu, tena hakani. Mimi ni mgema wa hapa Tezo, nilianza na minazi miwili ya kuazima na leo nagema ishirini na mmoja, sikurithi hata kuti, na mgema bila kisu chake atafanya nini, achambue kunde?

Kisa ni mguu. Kabla ya mvua za mwaka huu kidato cha mnazi kilimeguka nikiwa karibu kufika chini, nikaangukia mguu wa kulia ukapinda kwa ndani, kifundo kikavimba kama dafu, hospitalini wakapiga picha wakasema hakuna mfupa uliovunjika, wakanifunga bendeji na kuniambia nipumzike, lakini mnazi usipokatwa karara kila siku hukauka tembo, sasa nani apumzike? Shangazi yangu akanikanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, akauvuta mguu mpaka ukalia, uvimbe ukashuka, nikapanda.

Sasa huu ni mwezi wa tatu tangu nianguke, kifundo chauma ndani kabisa, jioni huvimba, na mara nyingine hukwama, kama nimekanyaga kijiwe lakini kijiwe chenyewe kimo ndani ya mguu, mpaka niutikise ndipo uachie. Juzi kilikwama nikiwa juu, nikaukumbatia mnazi mpaka kikaachia, na kosa langu ni kumhadithia Nyevu nikicheka. Hakucheka. Kesho yake kotama hakuna. Anataka minazi nimpe ndugu yake Kenga, ambaye akikata vibaya ataniulia mnazi. Nilipogomba akanijibu, "Baba Kahonzi, mguu ukikwama chini nitakushika mkono. Ukikwama juu nitakuja kukuokota." Mke husema hivyo kweli? Nijibu wazi kabla ya Jumamosi: arudishe au asirudishe?

Gona wa Baya, Tezo

JIBU

Gona, asirudishe. Jibu fupi umepata, sasa sikiliza refu.

Picha haikukudanganya, ila haioni kila kitu. Ukila kuku, ile ncha nyeupe ya mfupa inayotafunika ndiyo gegedu. Lako limefunika mifupa ya kifundo isisagane. Ulipoanguka, huenda kipande chake kilibanduka na chembe ya mfupa, na picha ya siku ya kwanza mara nyingi hukikosa. Kikizunguka ndani ya kiungo, ndicho hicho kijiwe chako. Gegedu halina mishipa ya damu, haliponi upesi kama kidonda, na kila ukipanda unalisaga. Mimi nimeona barua tu, mguu sijauona. Hakika ataisema daktari.

Pole sana, baba, najua hiyo minazi umeitolea jasho. Lakini wewe, kiungo kinakwama juu ya mnazi nawe unacheka!

Shangazi yako namheshimu, ila mafuta yake sasa apikie wali. Asivute tena. Shika mkongojo, mguu huo usiukanyagie, rudi hospitali. Usiseme "naumwa mguu", sema "kinakwama". Omba kuonwa na daktari wa mifupa na upigwe picha upya, mguu ukiwa umegeuzwa. Kipande kikiwa bado kimeshika mahali pake, huenda plasta ikatosha, mradi utulie. Kikiwa kimeachia, huenda wakapasua wakitoe. Baadaye utajifunza kusimama kwa mguu mmoja kama mtoto, ndipo uulize habari za kupanda.

Minazi mpe Kenga. Wewe keti chini kwenye kigoda, umgombeze kila akikata vibaya. Kazi hiyo haihitaji kifundo.

Na huyo mwizi wako, nina hakika kotama ameipaka mafuta isishike kutu, akingoja siku utakayopanda tena. Uliniwekea siku, nami nakuwekea. Jumatatu asubuhi, kabla hajaenda kuteka maji, mwambie kama unakwenda hospitali au huendi. Mimi usiniandikie. Atakayekuokota ni Nyevu, jibu mpe yeye.