Mshono Ulioruka

Tarehe 4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Mikono haijambo, na mbavu, na lile jicho lililovimba? Sisi huku tu wazima, Mungu ametulinda, isipokuwa goti langu la cherehani linalalamika kila asubuhi kama mpangaji.

Picha yako na mkanda imefika. Nimeibandika juu ya meza ya kukatia, na sasa wateja hawaangalii tena mitindo, wanakuangalia wewe. Mmoja kaniuliza, "Huyu bingwa ni binti yako kweli? Mbona wewe mpole?" Nikamwambia ngumi kazitoa kwa baba yake, upole bado anautafuta.

Nikuambie siri. Pambano lako sikulitazama. Sijawahi kutazama hata moja. Nilijifungia dukani, nikapiga magoti, nikaomba ushinde, mpaka shangazi yako alipokuja kugonga mlango na habari.

Duka limekuwa kubwa tangu tumzike Mjomba Pasi mwezi wa kumi na mbili. Miaka kumi na minane alinyoosha nguo kwenye kona ile, na ndiye aliyekupeleka ukumbi wa ndondi nami nimenuna. Asante kwa kuja kumzika. Mwingine angesema yuko mazoezini.

Nasikia unautetea mkanda mwezi wa tano. Joho la kuingilia ulingoni nitashona mimi. Niletee vipimo.

Mama yako.


Tarehe 21 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. U hali gani, na goti linaendeleaje? Mimi mzima. Jicho limepona. Kichwa tu kinanigonga asubuhi, nikinywa maji kinatulia.

Huyu ninayepigana naye Kocha anasema ana mikono mirefu kama kamba ya kuanikia. Nikamwambia, basi mimi ni Sindano, nitapita katikati. Wote ukumbini wananiita hivyo, hawajui jina limetoka dukani kwetu.

Vipimo hivi: kifua thelathini na sita, bega kumi na tano na nusu, mkono ishirini na tatu. Urefu uishie gotini nisijikwae mbele za watu. Rangi ya buluu, kama mtandio wako wa kusalia.

Na goti lako, mama, linaendeleaje? Mwambie Mjomba Pasi apunguze moshi wa mkaa, kile kikohozi chake sikipendi. Nikija nitamletea pasi ya umeme, akatae tu nimwone.

Mwanao, Sindano.


Tarehe 3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Umelalaje, unakulaje? Mimi sijambo, na goti halijambo. Umeniuliza mara mbili, nakujibu mara moja inatosha.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kwanza nilidhani ni ya zamani, imekaa posta. Nikaangalia tarehe, ni ya juzi. Nikadhani unatania, lakini wewe hufanyi utani na wafu. Mwanangu, Mjomba Pasi tulimzika. Ulikuwepo, ulisimama kulia kwangu.

Sijamwambia mtu. Barua iko kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

Unakumbuka nilivyokufundisha una miaka tisa? Cherehani ikianza kuruka mshono, hatuvuti nguo kwa nguvu, wala hatukanyagi zaidi ili tumalize haraka. Tunasimama. Tunaangalia sindano kwanza. Ulikuwa unakasirika, unataka kumaliza pindo.

Kuna jambo jingine linaninyima raha. Miaka yote hii nimeomba ushinde. Nilipopiga magoti jana nikaona sikuwahi kuomba utoke mle ndani ukiwa mzima. Nilidhani kushinda ndiyo uzima wenyewe. Nimemwomba Mungu anisamehe, na wewe nisamehe.

Kitambaa cha buluu nimekinunua, kimekunjwa mezani. Sitakikata mpaka uende kwa daktari wa kichwa.

Mama yako.


Tarehe 12 Machi

Mama,

Mkono uliteleza. Wewe mwenyewe huniita jina la shangazi kila siku na hakuna anayekupeleka kwa daktari. Mkanda huu nimeuhangaikia miaka kumi na mmoja. Kata kitambaa.

Mimi.


Tarehe 27 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, mama? Nisamehe, mara ya mwisho hata salamu sikukupa.

Hukunijibu, na joho halikufika, nikajua kitambaa bado kimekunjwa. Nikakasirika wiki nzima. Nikasema nitaingia ulingoni na taulo.

Juzi nilikuwa natafuta soksi kwenye begi nikakuta barua yako ya Februari. Nikasoma kwamba Mjomba Pasi amezikwa. Mama, nilikaa chini sakafuni nikamlilia kama ndiyo kwanza naambiwa. Kocha akaja mbio, anadhani nimevunjika. Nikamwambia, "Mjomba wangu amefariki." Akanitazama sana. Akasema, "Sindano, nilikupeleka mazikoni kwa gari langu. Ulilia njia nzima."

Hapo nikakumbuka maneno yako ya cherehani, ndiyo maana nakuandikia.

Tumekwenda hospitali. Wamenipiga picha za kichwa. Daktari ni mama wa makamo kama wewe, hana maneno mengi. Aliniuliza, "Una kazi nyingine unayoijua?" Nikasema najua kutia pindo. Akasema, "Basi katie pindo. Ngumi zimetosha."

Mkanda nimeurudisha chama cha ndondi. Kocha alilia kuliko mimi. Nimesimama, mama, lakini sijui mimi ni nani nikiwa nimesimama.

Nakuomba kitu kimoja. Nieleze siku ya mazishi. Nilifanya nini?

Mwanao.


Tarehe 5 Mei

Mwanangu, kipenzi changu,

Hujambo? Kichwa kinaamkaje? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, na safari hii namshukuru kwa sauti mpaka shangazi yako ananiambia nipunguze.

Nilianza kukujibu mara tatu, nikachana zote. Kila moja ilikuwa inakuvuta.

Sasa sikiliza. Ulifika asubuhi, mvua inanyunya. Gauni langu lilikuwa limejikunja, nikasema nitavaa hivyo hivyo. Ukakataa. Ukawasha mkaa, ukachukua pasi ya Mjomba mwenyewe, ukaninyooshea. Machozi yakakujaa, ukaisahau pasi kwenye ukosi, ukaunguza. Ukasema, "Mjomba angenifukuza kazi." Tukacheka, mama na mwana, watu wa msiba wanatushangaa. Gauni lipo, na alama ya pasi ipo. Ukija utaigusa kwa kidole chako.

Kitambaa cha buluu nimekikata, kwa vipimo vyako vile vile. Si joho, ni gauni. Pindo sijatia, nimekuachia wewe. Kona ya Mjomba nimeifagia, cherehani ya pili inaingia vizuri.

Ukisahau uliyokwisha kuniandikia, yaandike tena, nami nitayasoma upya. Nijibu upesi uniambie unakuja lini.

Mama yako.