Kikao cha Kuamua Kama Mashine ya Kusaga Itaendelea Kununuliwa Vipuri kwa Simu

Chama cha Mashine ya Kusaga, Kabambare
Posho (Jumamosi), 14 Juni 2025, nyumbani kwa Mwenyekiti

Waliohudhuria: Mama Albertine (Mwenyekiti), Mama Consolée (mwendesha mashine), Papa Iliasi (mnunuzi), Amuri (Mwandishi) na wanachama wengi kuliko viti.
Hakuwepo: Gérard, fundi; amekwenda msibani Nyangwe.

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakusikika kwa furaha ya watu.

KUMB. NA. 2/06/2025: MAONI YA WATUMIAJI
Mama Consolée alieleza kwamba zamani mkanda ukikatika, Papa Iliasi alipanda pikipiki hadi Kasongo, barabara ikamshika, na akina mama wakarudi kwenye kutwanga. Sasa yeye mwenyewe, Mama Consolée, anaagiza kwa simu na mzigo unakuja na pikipiki inayopita. Alisema: "Zamani nilikuwa nalinda chuma. Sasa niko nafanya kazi." Wanachama walipiga makofi, na Mwenyekiti aliwaacha.

KUMB. NA. 3/06/2025: PINGAMIZI LA MNUNUZI
Papa Iliasi hakupiga makofi. Alikumbusha kwamba mkanda wa kwanza ulioagizwa kwa simu ulifika mfupi. "Simu inaona picha, haishike kitu. Mutu akinunua mukanda bila kuuvuta, iko anacheza bahati nasibu." Aliongeza kwamba miaka yote amelala njiani kwa ajili ya chama, na habari ya simu aliisikia sokoni kama mgeni.
Mwenyekiti alikiri kwamba mnunuzi alistahili kuambiwa kwanza, akamwomba radhi. Mama Consolée alisema: "Papa, kubonyeza ninajua. Kupima, ni mukono yako."
Iliazimiwa: simu iendelee, lakini hakuna kitu kitakachoagizwa kabla Papa Iliasi hajapima kile kilichoharibika na kukubali vipimo. Wote waliafiki, naye pia, baada ya kuulizwa tena.

KUMB. NA. 4/06/2025: MENGINEYO
Chekeche la mashine limetoboka; lililetwa kikaoni. Papa Iliasi alilipima palepale, akaomba abonyeze simu mwenyewe kuagiza jipya. Mama Consolée alimwonyesha. Wanachama waliacha viti wakamzunguka. Jibu la muuzaji lilipofika alilisoma kwa sauti: "Tumepokea. Asante, Papa Iliasi."
Mwenyekiti alimwomba akae ili kikao kifungwe. Hakukaa; alikuwa akiwaonyesha ujumbe huo waliokuwa nyuma, mmoja mmoja.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni, mnunuzi akiwa bado amesimama.

Albertine, Mwenyekiti: ...............
Amuri, Mwandishi: ...............