Vidonge kwenye Fundo la Kikwembe

Yaya Zaina, dada yangu wa pekee,

Leo nimekukasirikia tena, na wewe ulishakwenda zako, basi nakuandikia.

Unakumbuka vita, treni ilipoacha kufika hapa Kindu, tukala sombe ya majani ya muhogo bila chumvi? Shemeji alikwenda Kailo kutafuta mihogo, hakurudi. Ukaanza kutembea juu ya reli, miguu mitupu, unamwita kwa jina. Muuguzi mmoja akakupa vidonge vya kutuliza akili. Baada ya wiki kadhaa ukalala, ukala, ukanitania: "Mudogo wangu, hii sombe yako njo ya kuua muntu!" Nilicheka mpaka nikalia.

Lakini mimi na mama tuliona haya. Wageni tuliwaambia una malaria. Vidonge tulivificha ndani ya gunia la mpunga, ukawa unameza umegeukia ukuta. Ujinga mtupu! Dawa ilikurudisha kwetu, sisi tukaifanya aibu.

Miaka ikapita. Corona ikakulaza hospitalini, unahema kwa shida. Daktari akatueleza polepole kwamba ile dawa yako ya zamani, ya wagonjwa wa akili, wataalamu wanaijaribu, waone kama inaweza kupunguza ukali wa virusi. Hakuwa na hakika, alisema wazi. Mimi nilikubali mbio. Wewe ukakiangalia kidonge, ukakitambua.

"Ile njo dawa ya wazimu. Sasa mapafu yangu njo iko na wazimu?"

"Yaya, meza tu, nakuomba."

Ukageukia ukuta. "Nimeshameza."

Ulikufa siku ya nne. Waliponipa nguo zako nikafungua fundo la kikwembe, kitenge chako cha kujifunga, pale ulipozoea kufungia kila kitu chako. Vidonge vyote vilikuwemo, hata kimoja hakijalowa mate. Nilikutukana, Yaya, mbele ya watu. Nisamehe. Hapana, ngoja kwanza, bado nina hasira.

Daktari anasema labda visingekusaidia kitu. Labda! Neno hilo linanichosha kuliko msiba wenyewe. Nimemkasirikia mama, nimekukasirikia wewe, na zaidi nimejikasirikia mimi niliyekufundisha kuona haya. Ungemeza ukafa, ningekulilia tu, kama watu wengine wanavyolilia dada zao.

Pumzika, Yaya. Huku nagombana peke yangu.

Mdogo wako