Pini Mdomoni

Jumatatu, 3 Juni

Meza nane, walaji watatu. Mmoja wao mimi. Sijui kama mke anahesabiwa.

Mwezi wa tatu sasa tangu mume wangu aache lori na kufungua mgahawa. Watu bado wanamwita Dereva, hata akiwa kavaa aproni. Na anapika! Nasema hivi hapa, kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma. Wali wake unachambuka punje kwa punje. Supu yake ya mifupa inarudisha roho mahali pake. Sasa kwa nini meza ni tupu? Ng'ambo ya barabara, kwa Mama Moshi, watu wanasubiri nafasi wakiwa wamesimama. Moshi, kelele, mabakuli yana mapengo. Wamejaa!

Jioni, huku anakausha sufuria, Dereva kaniambia bosi wake wa zamani kapiga simu. Lori moja halina mtu. Anataka jibu mwisho wa mwezi. Meza zisipojaa, anarudi barabarani. Kalisema kama mtu anayesema kesho huenda mvua ikanyesha. Miaka kumi na minne nimelala na simu kifuani, nikisubiri aseme amefika. Sitaki tena. Sitaki, sitaki.

Jumatano, 5 Juni

Nimeamua kuulizauliza. Na mahali pa kuulizia ninapo. Duka langu la kushona liko mitaa miwili nyuma, wateja wangu ni watu wa maofisini, hawajui kuwa Dereva ni wangu. Tena nina pini. Nikiziweka mdomoni siwezi kusema – na mtu akikuona huwezi kusema, yeye huanza kuongea! Sijui kwa nini. Nimesikia ndoa za watu na magonjwa yao yote kwa sababu ya pini sita.

Leo kaja mwalimu wa hesabu, suruali ipunguzwe urefu. Nikamwuliza siku hizi wanakula wapi mchana, kisha haraka, pini mdomoni. Kafunguka mwenyewe. Samaki wa Dereva hana mfano, mchuzi wake aliumaliza kwa kidole. Nusura nimeze pini kwa furaha! Halafu akasema: "Lakini mimi nakula kwa Mama Moshi." Lakini nini? Akatazama saa, kumbe ana kipindi. Akaondoka mbio, mguu mmoja wa suruali mrefu, mmoja mfupi.

Jumamosi, 8 Juni

Nesi. Gauni la harusi ya mdogo wake, kiuno kiachiwe kidogo. Analaumu viazi vya Mama Moshi – anasema mafuta yake yanatosha kulainisha bawaba za wodi nzima. Na vya Dereva je? Aa, vya Dereva vitamu mara kumi.

Sasa?

Akacheka. "Dada yangu, pale huwa nachoka."

Anachoka! Mtu kakaa kitini, anapelekewa chakula, anachokaje? Nimefikiria viti. Jua la mchana. Nzi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepima viti vyote vya mgahawa kwa futi yangu. Viti vizuri. Meza zimelingana. Jua haliingii. Nzi mmoja, naye alikuwa anatoka. Dereva kaniuliza napima nini. Nikasema vitambaa vya meza. Basi kafurahi! Sasa nina deni la kushona vitambaa vinane.

Alhamisi, 13 Juni

Leo nimekula kwa Mama Moshi. Mimi! Nimejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, mwizi kabisa.

Wali umeungua chini. Maharage magumu, ukiyatafuna unasikia mwenyewe. Mama Moshi kanibwagia sahani mbele yangu, akanipa mgongo, hakunitazama tena hadi nikaondoka.

Na cha ajabu, nimekula kwa raha! Nimewaza mambo yangu. Nimetazama mtaa. Karibu yangu fundi redio alikuwa anapambana na mfupa, macho kafumba, mafuta hadi kidevuni, wala hana habari na mtu. Nilimwonea wivu. Kuna kitu kinabisha hodi kichwani mwangu lakini hakijaingia.

Jumamosi, 15 Juni

Kimeingia.

Nimefunga duka mapema, nikakaa pembeni mgahawani na vile vitambaa vyangu. Akaja karani mmoja, mpole, akaagiza supu. Kijiko cha kwanza tu, Dereva huyo, upawa mkononi: chumvi imekaaje? Imekaa vizuri. Kijiko cha tatu: na nyama, imeiva? Mtu mdomo umejaa, anaitikia kwa kichwa. Kisha: ya wiki iliyopita na ya leo, ipi zaidi? Karani wa watu anatafuna kama yuko kwenye mtihani. Na Dereva hajaondoka! Kasimama pale pale, upawa unadondosha mchuzi sakafuni, anaangalia koo la mwenzake lishushe.

Nimehesabu. Kauliza mara kumi na moja. Supu moja!

Karani aliacha nusu bakuli. Akasifu hadi mlangoni, kisha akashika njia upesi upesi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza – na huyu bwana anakitembeza kizuri mpaka watu wanakitilia shaka. Nilicheka ndani kwa ndani. Baadaye nikatazama uso wake anavyolitazama lile bakuli, kicheko kikanikauka.

Jumapili, 16 Juni

Sijamwambia. Tumekunywa chai. Kaniuliza kama niko salama. Niko salama. Sijamwambia.

Jumatano, 19 Juni

Nimepiga moyo konde, nikamwambia. Taratibu. Nikauma na kupuliza: chakula chako watu wote wanakisifu, mume wangu, ila wanataka kula peke yao.

Akajifuta mikono. Kisha: "Kumbe nawasumbua."

Nikadhani yameisha. Hayakuisha. Akasema miaka yote ile alikuwa anapika kando ya tairi, jiko dogo, sufuria moja. Anaonja mwenyewe, anakula amesimama. Siku nyingine kinatoka kitamu mpaka anageuka nyuma amwambie mtu, na nyuma ni barabara tupu.

"Na nikirudi nyumbani nakupikia. Wewe unakula huku unapiga pindo. Sahani inaisha. Husemi kitu."

Mimi! Mimi ninayeuliza mji mzima!

Nimejaribu kukumbuka hata siku moja niliyomsifia. Sina. Alikuwa anakaa nyumbani siku tatu, anaondoka. Nilijua nikifungua mdomo niseme ni kitamu, litafuata la pili, kwamba asiende. Nikaona heri ninyamaze. Mazoea hayo yakaota mizizi. Amekuwa nyumbani miezi mitatu na bado nala kama bubu. Hata leo, baada ya maneno yote hayo, sikumwambia. Niliosha vyombo.

Jumanne, 25 Juni

Anajitahidi, maskini. Anapeleka sahani, anarudi jikoni, anaingiza mikono ndani ya aproni ili isiende kokote. Kwenye kidirisha cha jikoni naliona jicho lake moja.

Na watu wanarudi! Mwalimu wa hesabu karudi. Nesi karudi na wenzake wawili, akaniona nashona, akamtazama Dereva, akanitazama mimi. "Kumbe!" Nikaweka pini mdomoni.

Meza sita kati ya nane. Yule karani kafumba macho kwenye supu.

Nilitegemea Dereva aruke kwa furaha. Wapi! Ananyong'onyea. Na leo asubuhi nimekuta blanketi lake la lori limeanikwa kwenye kamba. Sikumwuliza. Meza zimejaa, sasa tatizo nini? Najifanya sijui.

Ijumaa, 28 Juni

Naandika haraka, niko meza ya karibu na mlango. Walaji wa mchana wameshatoka.

Bosi alisema atapiga leo saa kumi. Saa tisa na nusu nimekuja mbio kutoka dukani, hata pini sikuzitoa. Dereva kaniletea supu bila kuagizwa. Kaiweka, kanipa mgongo, huyo jikoni. Kama Mama Moshi.

Nimetoa pini moja moja, nikazichomeka kwenye kitambaa cha meza. Sita. Nimeonja.

Simu yake ikaanza kuita. Nikamwona anapangusa mikono ajibu.

"Mume wangu, njoo!"

Kaja, upawa huku, simu inaita huku. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, kwa ajili ya supu! Nikamwambia hakuna supu kama yako, nimejua hivyo miaka kumi na minne. Ila ya leo chumvi imepungua.

Ule uso wake! Akavuta kiti, akakaa. Tangu afungue mgahawa sijamwona amekaa humu ndani.

"Imepungua kiasi gani?"

Kidogo.

"Kidogo namna gani? Subiri. Usiendelee kula!" Akainuka mbio kufuata chumvi. Simu kaiacha hapa mezani, karibu na pini zangu. Ilikatika. Sasa inaita tena, ni bosi yule yule, naliona jina. Nimemwambia kwa sauti kwamba simu inaita. Kutoka jikoni anauliza ni kijiko kizima au nusu.

Nusu, nimemjibu.