Tata Fanion na Jezi ya Kipa

Kolwezi, Jumapili, Novemba

Mvua ilianza tulipotoka kanisani na mpaka sasa inapiga bati. Umeme hakuna. Simu imebaki na chaji kidogo, nyingine imeliwa na maongezi nitakayoyaeleza hapa, kwa hiyo leo sitarembaremba.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata msichana ninayeketi naye dawati moja.

Kwenye simu mimi ni mwanaume.

Si utani. Niko katika kundi la wakusanyaji wa vitu vya kale vya mpira, watu wazima wa Lubumbashi na Likasi, wengine wako Ubelgiji, na humo ninaitwa Tata Fanion, tata yaani baba au mzee. Kitu cha kwanza nilichowaonyesha kilikuwa fanion, kile kibendera cha pembetatu ambacho manahodha hubadilishana kabla ya mechi. Niliandika maelezo yake kwa makini, na mmoja akajibu: "Merci, tata. Tunaona weye uko mukubwa wa hii kazi." Ningeweza kumwambia palepale kwamba nina miaka kumi na sita, kwamba niko mwaka wa tano, sehemu ya Kilatini, na kwamba mwalimu akiniuliza swali ninajibu huku ninaangalia viatu vyangu. Sikumwambia. Nililisoma tena na tena lile neno "tata", na kila mara lilinifurahisha.

Tangu siku ile natuma maandishi tu. Sauti kamwe. Sauti yangu ni ya mtoto wa kike, tena nyembamba.

Sikuanza kukusanya kwa ubaya. Ndani ya kamusi iliyotumika ambayo mama alininunulia nilikuta tiketi ya mechi, mtu aliitia kama alama ya ukurasa. Ilikuwa mechi ya timu ya kampuni, wakati mgodi ulipokuwa bado na uwanja wake na bendi yake ya tarumbeta. Nilimfikiria yule mtu aliyetoka uwanjani, akarudi nyumbani, akafungua kamusi. Tangu hapo nikawa natafuta. Tiketi, picha, beji. Vyote viko kwenye kartoni ya viatu chini ya kitanda changu.

Halafu nikasoma mtandaoni jinsi Wamarekani wanavyopiga mnada vitu vya kale vya besiboli, mchezo ambao mpaka leo sielewi mtu anashindaje. Nilijifunza kwamba jezi ya zamani haifuliwi, maana jasho na udongo wa uwanja ndiyo thamani yake. Nilijifunza kwamba mshono wa kuokoteza unashusha bei. Na kwamba historia inapandisha bei, hasa historia ya huzuni. Mambo hayo niliyashika kichwani kama ninavyoshika vitenzi vya Kilatini.

Sasa nifike kwenye jezi.

Iko katika malle, sanduku la bati la Kambo, mama yake baba, ambaye tunaishi naye kwenye lupango lake, kiwanja chake chenye ua. Jezi ya kipa. Ya sufu, kijani iliyokolea, viwiko vina viraka, na mgongoni kuna namba 1 ya kitambaa cheupe iliyoshonwa kwa mkono. Kila mwaka baridi ya Juni ikifika, Kambo anaitoa, anaitundika kivulini nyuma ya jiko, anaikung'uta, anatia majani mapya ya tumbaku kufukuza wadudu, anaifunga tena kwenye kikwembe chake, kitenge cha zamani. Tulipokuwa wadogo ilikuwa marufuku hata kuijaribu. Nilijua kwamba ni ya Tata Badibanga, jirani wa zamani, kipa wa timu ya kampuni, mtu wa Kasai, na kwamba aliondoka wakati watu wa Kasai walipofukuzwa huku kwetu Katanga. Nilijua hivyo kama mtu anavyojua jina la barabara ya kwao. Sikuwahi kulifikiria.

Wiki iliyopita nilimwomba Kambo niipige picha.

"Piga," alisema. "Lakini usiifule."

Nikacheka moyoni. Kambo na Wamarekani wanakubaliana.

Minada ya kundi inaongozwa na mzee mmoja wa Lubumbashi tunayemwita Tata Marteau, kwa sababu kila kitu kikiuzwa anatuma picha ya nyundo. Alipoiona jezi aliandika: "Tata Fanion! Leta histoire yake. Mayo bila histoire ni kitambaa tu." Mayo ndilo neno letu la jezi.

Nikaandika historia. Niliandika kwamba kipa huyu alifukuzwa pamoja na ndugu zake, kwamba alilala kwenye gare akiisubiri treni iliyokataa kufika, na kwamba jezi yake ya ushindi akaiacha nyuma.

Sikujua kama alilala kwenye gare. Niliona tu kwamba sentensi inakwenda vizuri.

Watu waliisifu. Mmoja alisema machozi yamemtoka. Na jana, siku ya mnada, mwanaume wa Likasi na mwingine wa Ubelgiji walipandishiana bei mpaka wengine wakawa wanaandika, "Tata Fanion, unatuua!" Nilikuwa nimeketi kitandani, uso unawaka kwa furaha. Naomba nisisingizie shida. Hakuna mtu aliyekuwa mgonjwa nyumbani, na masomo yangu yamelipwa. Nilitaka tu waendelee kuniita tata.

Katikati ya zile bei akaingia mwanamke ambaye hatukumfahamu. Jina lake Ngalula, yuko Mwene-Ditu, kule Kasai. Aliandika: "Mi niko na mashine ya kushona, ingali muzima. Munaweza kukamata ile?"

Kundi likalipuka.

"Mama, hapa haina soko!"

"Aongeze na kuku!"

Na mimi, mimi nisiyeweza kuomba ruhusa ya kutoka darasani bila kutetemeka, niliandika: "Mama, ukivaa hii mayo, nani atakupiga penalti?"

Walicheka sana. Tata Marteau alituma mstari mzima wa nyuso zinazolia kwa kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuchekesha umati.

Ngalula hakukasirika, au hakuonyesha. Aliandika polepole, ujumbe mmoja baada ya mwingine. "Baba yangu njo alikuwa anavaa ile mayo." Halafu: "Ile namba, mama njo alishona. Uzi mweupe uliisha, akamalizia na mwekundu." Halafu: "Muangalie kwa ndani. Mutaona."

Kisha Tata Marteau akauliza: "Tata Fanion, ni kweli?"

Jezi ilikuwa juu ya magoti yangu. Sikuhitaji kuigeuza. Uzi mwekundu niliuona siku ile ya kupiga picha, chini ya mguu wa ile namba, mishono mifupi ya mtu mwenye haraka. Ndiyo maana sikupiga picha ya ndani. Mshono wa kuokoteza unashusha bei.

Nikaandika: "Sioni uzi mwekundu."

Maneno matatu.

"Bon, tuendelee," akasema Tata Marteau. Ngalula hakuandika tena. Jezi ilimwendea mwanaume wa Ubelgiji, nyundo ikatumwa, pongezi zikamiminika, na mimi nikazima simu nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyenituma.

Usiku sikulala vizuri. Leo kanisani sikusikia mahubiri hata kidogo. Niliporudi nilimkuta Kambo jikoni anachambua sombe, majani ya muhogo, nikaketi karibu naye ili nimsaidie, na mikono yangu ikawa inararua majani badala ya kuyachambua.

"Mayo ya watu ulishamaliza kuipiga picha?" aliuliza. "Irudishe kwa malle."

"Kambo, nimeiuza."

"Umeuza nini?"

"Mayo."

Hakupaza sauti. Aliweka kisu chini, akaniambia nimsomee nilichowaandikia hao watu, kwa sababu miwani yake haipendi simu. Nikasoma. Nilipofika mwisho akainua mkono wenye majani.

"Rudilia pale."

"Jezi yake ya ushindi akaiacha nyuma."

"Nani alikuambia aliacha? Hakuacha. Alitubikisha."

Kwetu kubika ni kuweka kitu. Ukinibikisha, umenipa kitu chako nikuwekee mpaka urudi. Neno hilo nimelisikia tangu nizaliwe, Kambo analisema kila Juni akiwa na ile jezi mkononi, na nilipokaa kuandika kwa wakubwa nililiruka, nikachukua lingine lililo zuri zaidi masikioni. Kitu kilichoachwa hakina mwenyewe. Unaweza kukiuza.

Akanieleza, huku akiangalia nje kwenye mvua. Kwamba Tata Badibanga alipitisha jezi juu ya ua wa nyasi, jioni, kwa sababu njiani watu walikuwa wananyang'anywa vitu. "Alisema, 'Mama, munibikie, nitakuya kuitosha, kuikamata tena.' Asubuyi bakaenda, yeye na bibi na batoto. Na siye hatukumusindikiza hata kwa gare. Kambo yako mwanaume alifunga mulango. Tuliogopa batatuona naye." Aliweka majani chini. "Tulikula naye miaka yote, mutoto wangu. Kile kitu kimoja njo tulimufanyia. Kubika."

Niliokota majani niliyoyararua.

Halafu akauliza: "Na huyu Tata Fanion banasalimia ni nani?"

"Ni mi."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

"Weye njo tata?"

Alianza kucheka, kicheko kikakatika njiani. Kwa hiyo nikamwambia na lile lililobaki, la Ngalula, na mashine ya kushona, na penalti, na uzi mwekundu. Nilisema haraka nikiangalia sombe. Aliposikia jina aliniomba nilirudie.

"Ngalula? Kale katoto nilikuwa nabeba kwa mugongo?"

Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Alirudia tu, "Ngalula," kwa sauti ya kumwita mtu aingie ndani mvua inanyesha, kisha akachukua kisu chake akaendelea na sombe.

Nilienda chumbani. Niliandika ujumbe wa kuomba radhi kwa Kifaransa kizuri, nikaufuta. Niliandika mwingine kwa Kiswahili, nao ukaanza kuwa mzuri, nikaufuta pia. Niliona nitafanya tena kilekile, nitatafuta sentensi inayokwenda vizuri, na jina chini yake litakuwa la Tata Fanion.

Kwa hiyo nilibonyeza alama ya sauti.

Nilisema jina langu ni Ngoie. Nilisema mimi si tata wa mtu, ni msichana wa masomo. Nilisema uzi mwekundu upo na niliuona tangu mwanzo, nilidanganya. Nilisema mayo haiuzwi, kwa sababu haikuachwa, ilibikwa, na mwenyewe yuko humu kwenye kundi na sisi tulimcheka, na mimi njo nilimcheka zaidi. Mvua ilisikika nyuma. Sikujisikiliza. Nikatuma.

"Kumbe tulikuwa tunapigia katoto saluti!" aliandika mmoja.

"Na ile 'merci, tata' yangu nani atanirudishia?" akaandika yule wa kwanza kabisa aliyeniita hivyo.

Yule wa Ubelgiji, ambaye alikuwa hajatuma hela yoyote, aliandika neno moja tu la masikitiko: "Dommage." Baada ya muda kidogo niliona Tata Marteau amenitoa kwenye kundi. Sidhani alinionea.

Namba ya Ngalula nilikuwa nimeichukua kabla. Niliigeuza jezi ndani nje, nikaisogeza mlangoni kwenye mwanga, nikapiga ile picha niliyoikwepa. Uzi mwekundu unaonekana vizuri. Nikamtumia, nikaandika jina la Kambo chini yake.

Alijibu: "Sasa munataka mashine?"

Nilistahili. Nilimwandikia: "Apana, mama. Mayo ni yenu. Kambo anaomba musikilizane." Hakujibu. Nikangoja, nikangoja, kisha nikapiga mimi mwenyewe, na alipopokea sikuweza kusema zaidi ya "mama, pardon", nikampa Kambo simu.

Nilitoka nikasimama chini ya upenu, maana maongezi yale hayakuwa yangu. Lakini Kambo anaongea kwa nguvu kwenye simu. Nilimsikia akisema, "Ni mi, ni mi, wa kando ya ua." Nilimsikia akiuliza, "Na tata?" Halafu akawa anasikiliza. Halafu akasema, "Aa. Aa, mutoto wangu." Mwisho kabisa akasema, "Tunaibika. Munakuya kuitosha wakati munataka."

Aliponirudishia simu, uso wake ulikuwa umelowa naye alikuwa hajatoka nje.

Nimeikunja jezi, namba ikiwa juu, nimetia majani ya tumbaku, nimeifunga kwenye kikwembe chake. Juu nimepachika kwa pini karatasi yenye jina la Ngalula na neno moja, IMEBIKWA, kwa herufi kubwa, ili mwingine wa nyumba hii anayejua kusoma asije akakosea kama mimi. Kisha nimeirudisha kwenye sanduku, nikafunga, nikaenda kummalizia Kambo sombe.