Samaki wa Bibi na Chumvi ya Ng'ombe

Geita, Alhamisi, 1953

Wamekufa watatu, na mkono uliowaua ni wangu.

Mke wa injinia wa mgodi alipokwenda Mwanza alimwachia Baba, mpishi wake, wale samaki wa kwenye tangi la kioo, bapa kama sahani. Juzi wakatokwa na vidoa vyeupe. Mimi ndiye nijuaye Kiingereza, nikasoma kitabu cha huyo bibi wa Kizungu: maji yapashwe moto kidogo, yatiwe chumvi. Chumvi ya jikoni iko stoo, ufunguo anao Baba, nami nikaona haya kumwomba. Nikachota ile ya ng'ombe wetu, yenye magadi. Nilidhani chumvi ni chumvi.

Jana asubuhi wamekuwa weusi, wanahema juu ya maji.

Leo bibi karudi. "Nani kaua samaki wangu?"

"Ni mimi, memsahib," Baba akasema.

"Basi funga mizigo yako!"

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nikanyata, nikatoka kwa mlango wa uani.

Sasa Mama anafunga vyombo. Baba kanishika bega: "Usilie, ng'wanone, mwanangu. Wewe ulifuata kitabu."

Nikaitikia kwa kichwa. Anaamini hivyo, na mimi nimemwacha aamini.