Ufunguo wa Ishirini na Tisa

Jumatatu, 2 Agosti 2004

Nimefika. Babati imeota ofisi! Kila kona kibao cha Mkoa wa Manyara, rangi mbichi. Nimehesabu hatua kutoka stendi hadi kwa dada Ursula, Nakwa: 2,140. Utotoni zilikuwa zaidi ya elfu tatu.

Dada kauliza nimefuata nini. Nikamwambia albamu — vipande vinane vya jazi, piano, vyote kuhusu hapa. Saba tayari. Kaguna. Ati kuna watu Dar wanakaa kwenye viti kusikiliza Babati? Wanakaa, dada.

La pili sikumwambia. Nataka kukisikia kinanda cha kigangoni. Kile nilichofukuziwa.

Jumanne, 3 Agosti

Niliandike mara moja, liishe. 1981, nina miaka kumi na moja. Ufunguo mmoja wa kinanda ukanyamaza. Mzee Anselimu, mpiga kinanda, akawaambia wazee wa kigango ni Jovita, kakanyaga kwa fujo. Wiki ile sikukigusa! Mama aliona haya, akahama benchi la mbele, akakaa mlangoni. Alikaa hapo hadi tulipomzika.

Mimi nikachora funguo 61 kwenye boksi la sabuni. Wa ishirini na tisa nikaupaka mkaa, kwa hasira. Miaka mitatu nimepiga boksi. Hakuna aliyenifundisha. Hakuna.

Alhamisi, 5 Agosti

Mvulana wa studio Dar husema mkono wangu wa kushoto una pengo, watu wanalipenda. Pengo gani? Leo nimekaa na karatasi zangu juu ya meza ya dada, kati ya mchele na karanga, nikahesabu. Vipande saba. Noti za kushoto 4,316. Za ufunguo ule wa ishirini na tisa: sifuri.

Nimehesabu tena. Sifuri.

Jumamosi, 7 Agosti

Mazoezi ya kwaya. Watu kumi na wanne. Mzee Anselimu hakuja, anaumwa mgongo. Amepiga Konstantini, mwalimu wa kwaya. Sauti ilipofika pale kinanda kinaponyamaza — kwaya nzima ikanyamaza! Pigo moja, kama mtu anameza mate. Kisha wakaendelea.

Nikauliza kwa nini. Wakatazamana. Brightness, bintiye dada, kanihurumia: "Mama mdogo, ndivyo wimbo ulivyo."

Konstantini kanionyesha daftari. Kituo kimeandikwa, kwa wino. Amekikuta kwa aliyemtangulia. Anasema kuna waliohamia Magugu wakaenda nacho, na huko sasa wananyamaza, na kinanda chao kizima!

Nimecheka hadi nikakaa chini. Hiki ndicho kipande cha nane. Lakini si cha watu kumi na wanne. Nataka kanisa zima, watu mia mbili, wanyamaze pamoja. Ni kesho tu. Jumatatu nina basi.

Walipotoka nikaomba bisibisi. Nimefungua kinanda. Kila ufunguo una ulimi wake wa shaba ndani. Wa ishirini na tisa haukuvunjika. Haupo. Umevutwa, taratibu, kwa ndoano. Mtoto hana ndoano.

Jumapili, 8 Agosti

Saa moja na nusu asubuhi. Misa saa mbili. Naandikia gotini, benchi la mlangoni.

Mzee Anselimu amekuja mapema, na fimbo. Shikamoo. Marahaba. Hakuuliza habari za safari. Katoa kiberiti mfukoni, kakifungua. Ulimi wa shaba, umefungwa kwenye pamba.

Amesema ufunguo ule ulikuwa unalia wenyewe, haukomi, na kesho yake askofu anakuja. Akauvuta ulimi, na katika kuuvuta akaupinda. Aliogopa kunyang'anywa kinanda.

"Nilitafuta jina la kutaja. La kwako likawa karibu."

Nikamwambia la mama yangu pia lilikuwa karibu. Akasema ulimi ameunyoosha, miaka mingi sasa. Kinachomshinda ni siku ya kuurudisha: ukilia tu, watu watauliza, naye itabidi asimame kwenye matangazo aseme. Leo anaweza.

Nikasema tuurudishe baada ya misa. Nirekodi kwanza. Hesabu rahisi!

Akatikisa kichwa. "Baada ya misa nitakuwa muoga tena, Jovita. Najijua."

Kwa hiyo jina la mama, au kipande cha nane. Vyote viwili havitoshi asubuhi moja.

Saa mbili kasoro kumi na mbili. Watu wanaingia. Kinanda kiko wazi, mzee amekishikia kifuniko kwa mikono miwili, ananitazama kutoka kule mbele. Kinasa sauti kiko tayari, taa yake nyekundu. Kiberiti kaniachia mimi. Kwaya inajaribu wimbo wa kuingilia, bila kinanda, na watu wanaimba nao — wanakaribia pale —

Wamenyamaza. Kanisa zima. Hata mama mmoja mzee hapa pembeni yangu, benchi la mlangoni, kafunga mdomo.

Nasimama, kiberiti mkononi. Hatua kutoka hapa hadi kinandani: moja, mbili